Nyumba ya mawe Mji Mkongwe: nani aikague kabla ya kutoa arubuni?

Swali: Assalaam alaykum mhandisi. Mimi na mume wangu ni watu wa Wete. Tumepata nyumba ya mawe ya ghorofa mbili Kiponda, Mji Mkongwe, na tunataka kuinunua ili tukae na watoto wanaosoma Unguja. Anayeuza anasema ni ya marehemu baba yake, ameipiga lipu na rangi mpya, na waraka upo. Dalali anatuhimiza tutoe arubuni wiki hii kwa sababu kuna mnunuzi mwengine. Mimi nataka ikaguliwe kwanza. Ami yangu anasema huko ni kutupa pesa, maana nyumba iliyosimama zaidi ya miaka mia haitaanguka kwa kuwa sisi tumehamia, na tena mpima ardhi ameshakuja. Bado kuna haja ya mkaguzi? Na ule mlango wa nakshi wa mbele, utabaki?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Haja ipo, na ni kubwa. Mpima ardhi amekuonesha mipaka: eneo linaanzia wapi, linaishia wapi, lina ukubwa gani. Kazi hiyo ni muhimu, lakini ramani yake haisemi lolote kuhusu boriti za dari ya pili wala ukuta wa upande wa kichochoro. Hayo ni ya mkaguzi wa majengo, na unamhitaji kabla hata shilingi haijatoka mkononi.

Ami yako ana nusu ya ukweli. Nyumba hizi kweli ni imara. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, unene wa nusu mita au zaidi. Dari zake ni boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe madogo na chokaa iliyoshindiliwa. Vitu hivyo vikibaki vikavu vinakaa vizazi na vizazi. Nusu ambayo ami hakuisema ni kwamba zimekaa kwa sababu kulikuwa na mtu akizitunza. Masika hayajaingia, paa limeshaangaliwa, nyufa zimezibwa, kuta zimepakwa chokaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa au zikaachwa na wenyewe, zikapangishwa familia tatu nne kwa kodi isiyonunua hata bati. Matengenezo yakasimama, lakini mvua haikusimama. Ndiyo maana ilipofika 1985 serikali ikaunda Mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe, na hata mji ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, majumba yaliendelea kuporomoka. Mwambie ami akumbuke Beit al Ajaib: Sultan Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa ndiyo fahari ya Forodhani, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa yake ikaanguka huku mafundi wakiwa wamo kazini, watu wakafa. Umri wa nyumba haukuhakikishii kitu kuhusu mwaka ujao.

Kwa hiyo mkaguzi wako akija, kazi yake kubwa ni moja: kuyafuata maji. Yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatuama wapi, na yameshakula nini. Nitakueleza anavyopaswa kuyafuata, ili usimame naye ukijua anachotafuta. Usimwachie dalali ufunguo akamzungushe peke yake.

Aanze juu kabisa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa na sakafu bapa ya chokaa juu, kisha baadaye zikaezekwa mabati. Kati ya mabati na ile sakafu ya zamani pana nafasi ambayo watu hawaingii, na hapo ndipo mambo yote yanapofichika. Apande na tochi. Akiona mstari wa kutu chini ya bati, majani makavu yaliyojazana kwenye mlizamu (mfereji wa maji ya paa), au mlizamu wenyewe unamwaga maji ukutani badala ya kuyatoa nje, ameshapata nusu ya ripoti yake. Mlizamu ulioziba kwa msimu mmoja unaweza kulowesha kichwa cha ukuta mzima, na ukuta uliolowa kichwani ni hatari kuliko uliolowa miguuni. Hilo nitalirudia, maana wanunuzi wengi wanaogopa kinyume chake.

Aangalie pia matangi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja ya maji, na nimeona nyumba zenye matangi mawili ya lita 2,000 yamekaa pamoja katikati ya chumba cha juu, juu ya boriti zilizowekwa kubeba vitanda na watu. Kama nyumba yako inalo, aulize limekalia nini na maji yanayofurika yanakwenda wapi.

Kutoka hapo ateremke kwenye boriti, na hapa ndipo nataka utulie kidogo. Boriti ya mkoko ni ngumu sana, mchwa wenyewe huhangaika nayo. Inapokufa haifi katikati, pale unapoiona ukiinua macho. Inafia kwenye kichwa chake, kile kipande kilichoingia ndani ya ukuta, kwa sababu ukuta ukinywa maji kichwa kinakaa kwenye unyevu mchana na usiku. Katikati itang'aa, imepakwa rangi vizuri, na huku kwenye ncha haina kitu. Basi mkaguzi achukue bisibisi nyembamba, aichome kwenye boriti karibu kabisa na ukuta, pande zote mbili za chumba, moja baada ya moja. Boriti nzima inakataa: ncha inaingia kidogo tu na kugoma. Iliyooza inapokea bisibisi kama boflo lililochovywa kwenye chai. Aziandike kwa hesabu, chumba kwa chumba: boriti kumi na nne, tatu zimeoza, moja imepasuka. Fundi anayekwambia "dari iko sawa sawa, dada" bila ya kutoa bisibisi mfukoni hajakagua dari.

Aanze na zile zilizo chini ya choo na bafu za ghorofani. Vyoo vya juu katika nyumba hizi viliongezwa baadaye, mabomba yamepitishwa popote palipowezekana, na uvujaji wa tone kwa tone kwa miaka kumi unaua dari kuliko masika moja kubwa.

Na kama anayeuza amefunika dari kwa jipsam, omba ifunguliwe tundu mahali pawili au patatu, kwenye kona zilizo karibu na ukuta wa nje. Jipsam inapendeza, sikatai, na mimi mwenyewe ninayo nyumbani. Lakini dari ya jipsam mpya kwenye nyumba kongwe inayouzwa ni kitu kinachohitaji maelezo. Gharama ya kuziba tundu hilo ni ndogo, chukua wewe uilipe. Akikataa katakata, andika kuwa amekataa, na ichukulie dari hiyo kuwa mbovu unapopiga hesabu ya bei.

Sasa hiyo lipu mpya na rangi. Umeniandikia kama jambo la kumsifia muuzaji. Kwangu mimi ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Kuta za matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ardhi ya Mji Mkongwe imezungukwa na bahari, maji ya chini yana chumvi, na ukuta unayavuta kila siku. Ukipakwa chokaa, maji yanapanda, yanatokeza nje, yanakauka. Chumvi inabaki juu kama unga mweupe, chokaa inachakaa kidogo kidogo, na baada ya miaka unaipaka tena. Chokaa ndiyo inayoliwa badala ya jiwe. Ukipiga lipu ya saruji, njia ya kutokea imezibwa. Maji yanabaki ndani yakitafuta pa kupita, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya msimu mmoja au miwili lipu inavimba na kubanduka ikiwa imeshika vipande vya jiwe. Mbaya zaidi, maji yaliyokosa pa kutokea hupanda juu zaidi, mpaka kwenye vichwa vya boriti za ghorofa ya kwanza.

Kwa hivyo mkaguzi agonge ukuta kwa konzi za vidole au kwa mpini wa nyundo, kuanzia usawa wa goti mpaka usawa wa kichwa. Panapolia kama pana uwazi ndani, lipu imeshaachana na ukuta. Achimbe kidogo nyuma ya mlango au chini ya ngazi, mahali pasipoonekana, aone ni saruji au ni chokaa. Na aulize risiti: lipu imepigwa lini, na kabla ya lipu ukuta ulikuwaje? Majirani watakwambia hili kwa urahisi kuliko yeye. Nenda alasiri, watu wakiwa wamekaa barazani, toa salamu, jitambulishe kuwa unataka kuwa jirani. Uliza tu: "Mvua ya masika iliyopita, hapa palikuwaje?" Watu wa Kiponda hawatakuficha, wengine watakupa na historia ya nyumba toka enzi za babu yao. Ingekuwa bora zaidi uione nyumba yenyewe katika siku ya mvua, lakini muuzaji mwenye haraka hangoji Machi.

Kuhusu unyevu wenyewe, kipimo changu ni hiki. Unyevu unaopanda kutoka chini na kuishia chini ya mita moja ni wa kawaida katika nyumba zetu. Utaishi nao, utaondoa saruji, utarudisha chokaa, basi. Unyevu ulio juu, karibu na dari, au doa moja la duara katikati ya ukuta, una chanzo chake: paa, mlizamu, bomba, au jirani. Usinunue mpaka chanzo kimejulikana. Na jirani ni chanzo kikubwa, maana nyumba nyengi za Kiponda zimeegemeana na zinashirikiana ukuta. Paa la jirani likimwaga maji kwenye ukuta wenu wa shirika, utatengeneza upande wako mpaka uchoke.

Nyufa zina lugha yake. Ufa mwembamba kwenye lipu, usiofuata mahali popote, mara nyingi ni lipu yenyewe iliyokauka vibaya. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari, au unaopanda ukutani ukizidi kupanuka kadiri unavyokwenda juu, unasema kuna kitu kinaondoka: ama msingi unakaa upande mmoja, ama ukuta wa nje unajitenga na kuta za ndani. Hapa mkaguzi atoe timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, aitundike kutoka dirisha la juu, apime ukuta umelala kiasi gani na kama umeota tumbo katikati. Kuta hizi zina mawe ya uso pande mbili na kifusi katikati. Maji yakiosha kile kifusi, uso wa nje huvimba peke yake huku wa ndani ukiwa umesimama wima. Ukiwa chumbani huoni kitu. Ukiwa kichochoroni, ukiweka shavu karibu na ukuta na kuangalia juu, unaliona tumbo.

Swali la kujiuliza kwa kila ufa ni kama bado unatembea. Ufa wa miaka hamsini uliotulia haunisumbui sana. Mkaguzi anaweza kuweka alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe, au kubandika kipande cha kioo chembamba juu yake kwa plasta; ukitembea, kioo kinapasuka. Hiyo inahitaji wiki na hata miezi, na ni sababu nyengine ya kutokubali haraka ya dalali. Kama huna muda huo, angalia ufa uliozibwa ukafunguka tena: unaona mstari wa lipu ya rangi moja, na ndani yake mstari mwengine mpya.

Sakafu za juu kutokuwa sawa ni jambo jengine, na hapo nakutuliza. Mtoto akiweka gololi ikabiringika mpaka ukutani, usikimbie. Karibu nyumba zote ziko hivyo, maana boriti hupinda kidogo kwa uzito wa miaka na kisha hutulia. Ninachokiogopa ni sakafu inayotikisika ukipiga hatua, au inayoachia mwanya kati yake na ukuta.

Kisha kuna makosa ya binadamu, na haya ndiyo yaliyoangusha nyumba nyingi nilizokwenda kuziangalia baada ya kuanguka. Ghorofa ya chini ikigeuzwa duka, ukuta wa kati huondolewa ili papatikane nafasi, na kuta zilizokuwa zimekaa juu yake zinabaki hewani au juu ya chuma kimoja. Chumba cha nyumba kongwe ni chembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, mita tatu hivi, na ukiona chini pana ukumbi mpana kuliko huko juu, uliza ukuta ulikwenda wapi. La pili ni zege. Mtu anaona boriti zimeoza, anazitoa, anamwaga slabu. Chumba cha mita tatu kwa sita, slabu ya sentimita 10, ni tani nne na zaidi, zote zimekalia ukuta wa chokaa na udongo ambao haukuwahi kubeba kitu kama hicho, na nondo zake zinaanza kushika kutu mara tu hewa ya chumvi ikizifikia. Kwa wasiojua, hii ndiyo "nyumba iliyoimarishwa." Mimi nikiikuta, naipunguza thamani.

Umeme, mabomba na karo la choo sitayasemea sana. Waya za zamani zing'olewe zote, ziingie kwenye gharama zako. Usiulize kama zinafaa. Karo lifunguliwe, lionekane, na aangalie maji machafu yanatoka kwenda wapi.

Tukitoka kwenye mawe, twende kwenye karatasi, kwa sababu nyumba inaweza kuwa nzima na bado isiuzike. Hili si fani yangu, na wakili wako ndiye wa kukuongoza, lakini nimeona ukaguzi mzuri ukipotea bure kwa sababu mnunuzi alianza na ukuta kabla ya kumjua mwenye nyumba.

Muuzaji wako anasema ni nyumba ya marehemu baba yake. Basi si yake. Ni ya warithi. Chukua mfano tu: marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumni, yaani moja ya nane. Zilizobaki saba zinagawanywa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike: kila binti moja ya nane, kila kijana mbili za nane. Sasa kama kaka mmoja anakuuzia na dada yake mmoja yuko Muscat hana habari, nyumba uliyonunua ina moja ya nane isiyouzwa, na siku atakayorudi atakugongea mlango wewe. Dai uone hukumu ya mirathi, majina ya warithi wote, na kila mmoja awe amesaini mwenyewe au kwa uwakala ulioandikwa na kuthibitishwa. Uwakala wa kwenye simu usiupokee.

Pili, wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu kwa misikiti, kwa maskini, au kwa kizazi cha mwenyewe. Mali ya wakfu haiuzwi, na mtu anaweza kuwa ameishi humo tangu kuzaliwa akiamini ni ya babu yake. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na anuani ya nyumba, uulize. Uliza pia kama ni moja ya nyumba za serikali: kuna wapangaji wanaouza kilemba, yaani haki yao ya kupanga, mnunuzi anadhani amenunua nyumba kumbe amerithi upangaji. Waraka unaooneshwa ufuatwe nyuma mkono kwa mkono, na kama kuna pengo miaka ya sitini, pengo hilo lipate maelezo yaliyoandikwa.

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, unachopata ni haki ya matumizi. Na kwa sheria ya uhaulishaji (kuhamisha umiliki) ya 1994, mauzo yanapitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi kabla hayajawa halali. Kwa hiyo mkataba uliosainiwa mbele ya sheha na mashahidi wawili, hata kama ni mzuri kiasi gani, ni mwanzo tu. Kamisheni ya Ardhi iangalie kama kuna usajili, zuio au kesi.

Tatu, na hili ni la Mji Mkongwe peke yake: Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Jengo haliguswi bila ya kibali chao, si dirisha, si paa, si ghorofa ya kuongeza. Nenda ofisini kwao uulize jalada la nyumba: liko daraja gani la hifadhi, kuna notisi, kuna kazi iliyofanywa bila ya ruhusa? Ile lipu mpya ilikuwa na kibali? Kama muuzaji amejenga chumba cha juu kwa siri, anayeambiwa akibomoe ni aliyemo ndani, na aliyemo ndani atakuwa wewe. Uliza pia mafundi wa chokaa wanaowajua. Vijana wengi wanaojiita mafundi wa Mji Mkongwe hawajawahi kuiona chokaa ikizimwa shimoni.

Na uwe na hakika unanunua nini. Katika mitaa hii ghorofa moja inaweza kuwa ya mtu na ya juu yake ya mtu mwengine. Kama kuna wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro, nusu yake huenda iko kwenye waraka wa jirani. Kama paa ni la wawili, andikianeni nani anatengeneza.

Sasa, nani aikague? Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, mwenye namba ya usajili unayoweza kuihakiki, na aliyewahi kusimamia kazi ya nyumba ya chokaa. Mhandisi hodari wa maghorofa ya zege, asiyejua chokaa, atakwambia ubomoe kila kitu au umwage slabu. Ikiwezekana aje na mwashi mzee wa Mji Mkongwe. Mwashi ataona vitu ambavyo mhandisi atavipita. Asiwe ameletwa na dalali, na asilipwe kwa asilimia ya bei ya nyumba. Malipo yawe kiasi maalumu mliyokubaliana kabla. Ripoti yake iwe na picha, hesabu ya boriti chumba kwa chumba, makadirio ya gharama kwa mafungu matatu (ya lazima kabla ya kuhamia, ya miaka miwili mitatu, na yanayoweza kungoja), na ukurasa mmoja wa mambo ambayo hakuweza kuyaona na kwa nini. Ripoti isiyo na ukurasa huo siiamini, kwa sababu katika nyumba kongwe hakuna anayeona kila kitu.

Kuhusu arubuni, usitoe wiki hii. Huyo mnunuzi mwengine, kama yupo, naye atakutana na boriti zile zile. Ukilazimika kutoa kitu ili wasiiuze, kitoe kidogo, kwa maandishi, na mkataba useme kwamba kinarejeshwa chote endapo ukaguzi utaonesha kasoro ya kuta, dari au paa, au endapo warithi wote hawakusaini, au Mamlaka na Kamisheni zikaonesha pingamizi. Mkataba utaje muda maalumu, wiki tatu zinatosha. Muuzaji mwenye nyumba safi mara nyingi hukubali.

Ripoti ikija na mabaya, haimaanishi uache. Nyumba yenye dari moja mbovu na mirathi safi ni bora mara nyingi kuliko yenye rangi nzuri na dada asiyejulikana aliko. Toa gharama ya yale mafungu mawili ya kwanza kwenye bei, na uongeze akiba juu yake, maana ukifungua ukuta wa Mji Mkongwe huwa unakuta zaidi ya ulilotarajia. Ningekushauri uache kwa mambo matatu tu: ukuta wa nje ulioota tumbo na bado unatembea, ukuta wa kati ulioondolewa chini bila ya mtu kujua lini na vipi, na waraka usioeleza nyumba ilitoka kwa nani. Hayo mengine yana fundi wake.

Uliniuliza mwishoni kama ule mlango wa nakshi utabaki. Usidhani. Milango ya Mji Mkongwe ina soko lake, na wapo waliouza nyumba kwa mmoja na mlango kwa mwengine. Kisheria ni sehemu ya jengo na hauondolewi bila ya ruhusa ya Mamlaka, lakini andika hata hivyo katika mkataba: mlango wa mbele na fremu yake, milango ya ndani, madirisha na makabati ya ukutani, na upige picha zote siku ya kusaini. Mkaguzi aziangalie na nguzo za fremu pale chini. Vichochoro vimeinuliwa kila vilipotengenezwa, siku hizi maji ya mvua yanakaa kwenye kizingiti, na mbao za msaji zilizo nzima juu unazikuta zimeoza kwa chini. Kuunga mguu wa fremu hiyo ni kazi ya seremala wa nakshi, si ya seremala wa milango ya kawaida, na bei yake iingie kwenye lile fungu la kwanza.